Mashine ya wafo inanata balaa, kila nikifunua wafo inachanika katikati, nakosea wapi?

mama_pacha
Habari za humu wapendwa. Nina mashine ya wafo ya umeme, ile ya duara ya kufunika na kufunua, nilizawadiwa. Wiki za mwanzo ilikuwa raha tupu, wafo zinatoka zenyewe hata kuzigusa sizigusi. Sasa hivi ni vita. Nikifunua, nusu ya wafo inabaki chini nusu inaondoka na mfuniko, naishia kuchokoa kwa uma na watoto wanakula makombo, afu kwenye vile vishimo kunabaki vitu vimeungua vyeusi havitoki, na pembeni pembeni kumeanza kujijenga kitu cha kahawia kinanata kama gundi.

Ninavyofanya: nachomeka, napulizia mafuta ya kopo juu na chini, namimina rojo, nafunga, taa ya kijani ikiwaka nafungua. Rojo langu ni unga wa ngano vikombe 2, mayai 2, maziwa kikombe kimoja na robo tatu, sukari nusu kikombe maana wanangu wanapenda tamu, mafuta vijiko vikubwa viwili, bekingi poda na chumvi kidogo. Kila nikipika napulizia mafuta mengi kuliko jana ila ndo kwanza inazidi kunata!! Na hizo chache zinazotoka nzima zikikaa dakika tano tu zinalegea zinakuwa kama sponji.

Swali, je nonstiki yake imekufa? Na hii kitu inasafishwaje maana sijawahi kuiosha, naogopa maji na umeme, nafutaga tu juu juu. Nisaidieni kabla sijaitupa.

fupi_tu
Mchawi wako ni hayo mafuta ya kopo. Acha leo leo.

mama_pacha
Jamani si ndo kopo lenyewe limeandikwa yanazuia kunata?

mpishi_wa_usiku
Yanazuia kwenye trei ya keki dada yangu, trei unaitoa unaiosha kwa sabuni mambo yanaisha. Mashine ya wafo huwezi kuiosha hivyo, hapo ndo tatizo linapoanzia. Yale mafuta ya kupuliza mengi yanakuwa na lesithini ndani, ndo inayofanya yatandae vizuri, sasa ile lesithini ikipigwa moto mara kwa mara haiondoki, inakaukia pale kwenye vyuma kama vanishi, leo tabaka moja kesho tabaka lingine, na rojo linashika kwenye hiyo vanishi sio kwenye nonstiki. Kwa hiyo kile kitu chako cha kahawia pembeni ndo hicho hicho kimejaa mpaka ndani kwenye vishimo ila huko hukioni vizuri. Ukipulizia zaidi unaongeza gundi. Sidhani kama nonstiki imekufa, nadhani imefunikwa.

Pili taa. Hili wengi tunalikosea na mimi nimelikosea miezi. Kwenye mashine nyingi ile taa haijui chochote kuhusu wafo yako, inafuata themostati, inachokuambia ni kwamba vyuma vimefika joto lake basi. Ndo maana hata ukiacha mashine tupu taa inawaka inazima inawaka inazima. Kuna mashine zenye kipima muda na mlio hizo ni habari nyingine, ila kama yako ni ya taa tupu, kipimo chako kiwe mvuke. Ukimimina rojo utaona mvuke unatoka pembeni kwa fujo, huo ni unyevu wa rojo unatoka, na muda wote unapotoka hivyo jua ndani bado ni bichi na ngozi ya nje haijashika. Ukifunua hapo unachana, yaani mfuniko unavuta huku chini kunavuta kule na katikati ni uji, unategemea nini? Subiri mpaka mvuke upungue ubaki kamoshi kembamba, kwa kawaida ni dakika 3 mpaka 5 kutegemea na unene. Afu inua mfuniko kidoogo, ukiona unagoma usilazimishe, rudisha, mpe nusu dakika nyingine. Wafo ikiiva inajiachia yenyewe.

Na tatu, rojo lako. Sukari nusu kikombe kwa vikombe viwili vya unga ni nyingi mno, sukari ikipata moto inayeyuka inakuwa karameli na karameli ni gundi ya pili. Halafu mafuta vijiko viwili ni kidogo mno. Mimi kwa unga huo huo natia mafuta nusu kikombe na sukari kijiko kikubwa kimoja, utamu tunamwagia juu mezani, asali sirapu matunda chochote. Ukiweka mafuta ya kutosha ndani ya rojo, hutahitaji kupaka mafuta mengi kwenye mashine.

dotnata
Na huo uma dada acha kabisa, mwili umenisisimka nilipofika hapo. Ukikwaruza nonstiki ndo kweli itakufa na hakuna wa kukurudishia. Tumia mwiko wa mbao mwembamba au vile vijiti vya mbao vya kulia tambi, au koleo ya silikoni. Na usikatie wafo ndani ya mashine kwa kisu, toa kwanza.

baba_G
Mnamtisha mwenzenu bure. Mimi yangu nikimaliza nasubiri ipoe naipitisha bombani na sabuni, naianika, mwaka wa pili huu haijawahi kunisumbua. Maji hayaui mashine yakishakauka.

mpishi_wa_usiku
@baba_G kaka una bahati tu. Swali moja, vyuma vya ndani ya mashine yako vinachomoka?

baba_G
Ndio vina kitufe pembeni ukibonyeza vinatoka, navipitisha hivyo vyenyewe.

mpishi_wa_usiku
Si ungesema mapema sasa! Umeandika unaipitisha MASHINE bombani. Vinavyochomoka osha kadri upendavyo ila vikauke kabisa kabla ya kurudisha. Vya mama_pacha kwa maelezo yake havichomoki, na hivyo nyuma yake kuna waya wa joto na viungio vya umeme, maji yakiingia humo huwezi kuyaona wala kuyafuta.

sijui_kupika_lakini
Nathibitisha. Yangu niliimwagia maji "kidogo tu" nikaikausha kwa taulo nikaridhika, kesho yake nachomeka ikapiga cheche pale kwenye bawaba na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Nilibaki nimeshika unga mkononi gizani. Haikuwaka tena na nashukuru iliishia hapo.

baba_G
Haya nimeelewa, nafuta kauli. Za kuchomoka tu.

mama_pacha
Asanteni sana aisee, kumbe nilikuwa naipikia gundi. Uma nimeshauficha. Sasa hiyo vanishi ya kahawia naitoaje bila kumwagia maji? Nimejaribu sponji kavu haijatikisika.

Bi_Usafi
Hapa ndo kwangu, sogea nikupe. Imegandia kwa muda mrefu kwa hiyo usitegemee kwa mara moja, mimi ilinichukua jioni tatu kwenye mashine ya wifi yangu ambaye alikuwa ameshakata tamaa kama wewe.

Washa mashine dakika mbili tatu ipate uvuguvugu, CHOMOA kwenye soketi, nasema chomoa sio kuzima swichi. Chukua tishu za jikoni au kitambaa cha pamba, lowesha kamua kisichuruzike, tandika juu ya vyuma, funga mfuniko uache kama dakika 10. Ule mvuke unalainisha vilivyogandia. Angalizo, isiwe ya moto sana, ukiweka kitambaa cha maji kwenye chuma kilichoiva mvuke unakurudia mkononi na mvuke unaunguza vibaya kuliko hata maji ya moto, mashine ifunue polepole uso ukiwa mbali. Ukifungua futa, utaona kitambaa kimekuwa cha njano, ndo hiyo lesithini inaachia.

Kwa ile sugu changanya bekingi soda na maji kidogo sana mpaka iwe kama dawa ya meno, ikishapoa mashine paka penye kahawia tu kwa kidole, acha dakika 15 au 20, sugua kwa mswaki laini wa zamani, kwa duara, bila hasira. Kwenye kona za vishimo tumia vile vijiti vya pamba vya masikio au kijiti cha mbao ulichokifunga kitambaa chembamba nchani. Halafu futa kwa kitambaa chenye unyevu, suuza kitambaa, futa tena, futa tena, mpaka pasibaki weupe maana bekingi soda ikibaki wafo ya kwanza itakuwa na ladha ya sabuni. Stilwaya hapana, unga wa kusugulia sufuria hapana, kisu cha kukwangulia ndo usithubutu.

Acha wazi ikauke usiku mzima. Na kuanzia hapo usiilimbikize tena, kila ukimaliza kupika ikiwa bado vuguvugu futa kwa tishu kavu kwanza inyonye mafuta, kisha yenye unyevu, ni dakika mbili tu. Wafo ikiungulia na vipande vikibaki usianze kuchokoa, mimina rojo lingine juu yake pika, mara nyingi wafo ya pili inaondoka na masalia ya ya kwanza. Hiyo ni kwa vipande vya siku hiyo hiyo lakini, ya mwezi uliopita haing'oki hivyo.

dotnata
Hii ya kumimina rojo juu ya masalia sikuwahi kuiwaza, na nimechokoa miaka 😂

kinu_na_mchi
Msisahau mfereji wa pembeni pale mafuta na rojo vinapomwagikia. Watu wanasugua katikati panang'aa wanasahau pale, halafu kila ukiwasha jikoni kunanuka moshi unadhani mashine ni mbovu.

mtu_wa_chuma
Mimi naingia na maoni tofauti kidogo. Mnasema asipake mafuta kabisa? Mimi napaka kila baada ya wafo mbili tatu na hazinati. Ila natumia brashi ya silikoni na mafuta ya kawaida ya kupikia, tone moja linatosha upande mzima, isiwe inang'aa kama kioo. Siagi pia sipaki kwenye chuma, siagi ina chembe za maziwa zinaungua haraka zinaacha madoa meusi na harufu, siagi naiyeyusha naiweka ndani ya rojo huko inakuwa tamu haswa.

Nina pia ile ya chuma kizito ya kushikilia juu ya jiko, ya kugeuza upande na upande, haina umeme wala nonstiki. Huko bila mafuta hupati kitu, na sharti liwe limepikwa mafuta mpaka limekuwa jeusi lenyewe, na moto lazima utangulie, ukimimina rojo kwenye chuma baridi umekwisha. Watu wamepika hivyo karne na karne kabla ya nonstiki. Mmarekani mmoja Cornelius Swartwout alipata hataza ya chuma cha wafo mwaka 1869, cha kuweka juu ya jiko, kimewekewa kiungio na mpini ili ugeuze bila kujiunguza, na mpaka leo kazi ni ile ile.

Kwa hiyo mama_pacha hata yako ya umeme iache ipate moto vizuri. Umesema unachomeka unapuliza unamimina, hukutaja kusubiri. Mimina mashine ikiwa vuguvugu uone, unga unazama kwenye chuma kabla haujafanya ngozi na hapo unanata hata uwe na mashine mpya. Mimi naacha taa iwake izime iwake tena, kama dakika 5 mpaka 10 hivi, ndo namimina. Na baada ya kila wafo rudisha mfuniko usubiri taa irudi, usimimine papo hapo maana chuma kimeshapoa kwa ile ya kwanza.

mpishi_wa_usiku
Hatupingani mkuu, brashi na tone sawa kabisa. Ninachopinga ni kopo.

sijui_kupika_lakini
Kwenye historia msimsahau Bill Bowerman kocha wa mbio wa Oregon na mmoja wa walioanzisha Nike, mwanzoni mwa miaka ya 1970 alimimina mpira wa maji maji wa yurethani kwenye mashine ya wafo ya mkewe ili apate soli yenye vishimo. Hakupaka kitu cha kuzuia kunata, mashine ikaganda haikufunguka tena 😂 Soli zilikuja kufanikiwa, ila ile mashine ilifukiwa na takataka nyuma ya nyumba mpaka ikaja kufukuliwa miaka mingi baadaye. Mama_pacha ukijiona umeharibu mkumbuke mke wa huyo.

mama_pacha
Hahaha nimecheka peke yangu mpaka nimeulizwa kuna nini. Sasa na ulaini je? Hakuna aliyenijibu ya sponji.

kinu_na_mchi
Unazipanga juu ya sahani moja juu ya nyingine sio?

mama_pacha
Eeh, halafu nazifunika zisipoe.

kinu_na_mchi
Umejijibu. Wafo ikitoka bado inatoa mvuke, ukiilaza kwenye sahani mvuke unagonga sahani unarudi kwenye wafo, ukiifunika ndo umeipika kwa mvuke upya. Weka juu ya wavu wa kupozea keki ipate hewa chini na juu. Kama unataka ziwe za moto mpaka zote ziishe basi oveni nyuzi 100 hivi, zikae kwenye wavu humo, zisipandane. Na usizitoe mapema, ile rangi ya njano iliyopauka ni laini tu, ngoja iingie kahawia.

Kitu kingine punguza unga wa ngano vijiko viwili vitatu weka wanga wa mahindi badala yake, zinakuwa kavu zinalia kruch. Ukiwa na muda tenganisha mayai, ute upige peke yake utoe povu la kusimama, uingize mwishoni kwa mwiko taratibu. Sio lazima, asubuhi ya shule nani ana huo muda. Ila usikoroge rojo mpaka liwe laini kama rangi ya ukuta, vidonge vidonge kidogo viache, ukikoroga sana unga unavutika na wafo inakuwa ngumu kutafuna badala ya kuvunjika. Zikibaki zigandishe kwenye friza, siku nyingine unachoma kwenye tosta zikiwa hivyo hivyo na barafu yake, zinarudi karibu kama mpya.

dotnata
Na kama kuna mtu anawaza zile za Liège za Ubelgiji, za donge la hamira na vipande vya sukari ya lulu, ajue anachokitafuta. Ni tamu siwadanganyi, ila ile sukari inayeyukia kwenye vyuma makusudi ndo ladha yenyewe, ukimaliza una kazi ya usafi ya kufa mtu. Futa ikiwa bado ya moto kwa kitambaa chenye unyevu ulichokishika kwa koleo, ikishapoa inakuwa kioo.

mwenye_kasuku
Samahani nachomekea, wenye ndege wa kufuga msiwashe mashine yenye nonstiki mkaisahau. Ile nonstiki nyingi ni PTFE, ile wengi wanaiita Teflon, ikipata moto uliopita kiasi inatoa moshi ambao kwa binadamu ni kero ila kwa ndege ni kifo. Mashine ikiwa nzima themostati inazuia isifike huko, ila themostati nayo ni kifaa inaweza kufa. Mimi wangu nimemhamishia chumba kingine kabisa.

Bi_Usafi
Pointi nzuri. Na kuhifadhi, usiufunge waya kuzunguka mashine ikiwa ya moto unaukausha ngozi yake, na usifunge kile kifungio cha mfuniko kama ndani bado kuna unyevu.

mama_pacha
Wapendwa nimerudi na majibu. Jioni mbili za kitambaa na bekingi soda, nilichokitoa humo sitaki hata kukielezea, kitambaa nimekitupa. Rangi ya chuma chenyewe nilikuwa nimeisahau! Kuna kamkwaruzo kamoja ka uma pale katikati hako ni kangu mpaka kufa. Leo asubuhi nimeisubiri ikawaka ikazima ikawaka, mafuta nusu kikombe kwenye rojo, sukari kijiko kimoja, nikapaka tone kwa brashi. Ya kwanza ilinata kidogo nikaogopa, nikamimina ya pili juu yake kama nilivyoambiwa ikaondoka na kila kitu. Kuanzia hapo nimetoa saba nzima nzima, naangalia mvuke tu taa hata siitazami.

Ila watoto wanasema hazina sukari. Nimewaambia asali ile pale mezani, sasa wanagombania chupa.

fupi_tu
Na kopo liko wapi?

mama_pacha
Liko kabatini, la trei za keki 😂

baba_G
Mama pacha samahani swali nje ya mada, hilo rojo lako jipya linatosha wafo ngapi? Za kwangu ni za mraba kubwa, nikimimina linamwagika pembeni kila siku.

kinu_na_mchi
Baba G unajaza sana. Mimina katikati, acha kama robo ya pembeni ikiwa tupu, mfuniko wenyewe utalisukuma. Upawa mmoja jaribu, uone linafika wapi, halafu kesho unajua uongeze au upunguze.